Sanamu Kongwe Haitobolewi ili Isimame

"Bila kuitoboa haisimami." Sanamu nyingi za kale zimeharibiwa na kauli hii. Drili kitakoni, nondo ndani, gundi juu, kazi imekwisha. Kumbe stendi ndiyo inayopaswa kuifuata sanamu. Fundi anayeijua kazi huchukua fimbo nyembamba ya shaba ya manjano, akaipinda kidogo kidogo mpaka ikubaliane na umbo, kisha akaunga vijino viwili vitatu vya kuishika pale penye nguvu. Havikazwi, kwa sababu mbao hutanuka masika na kusinyaa kiangazi. Sanamu huwekwa na kutolewa bila kuachiwa alama. Tundu likishatobolewa halina dawa, na mnunuzi mzoefu huanza kwa kuipindua sanamu atazame chini.

Gundi kali nayo si nafuu ya tundu. Hunywewa na mbao, na siku ya kuibandua hung'oka vipande vya sanamu, gundi ikabaki palepale. Wahifadhi wa makumbusho wakilazimika kuunga kitu hupenda kutumia Paraloid B-72, akriliki inayoyeyuka tena kwa asetoni.

Wapo wanaosema stendi ya chuma ndiyo imara. Labda Dodoma. Unguja na Pemba hewa ina chumvi, na unyevu mara nyingi hupita asilimia 75. Chuma kisichopakwa rangi sawasawa huota kutu, na doa la kutu likishaingia kwenye mbao au jiwe halitoki kirahisi. Hata mpira wa kuwekea chini ya vijino uchaguliwe, maana mpira wa kawaida una salfa inayoitia shaba weusi.

Halafu kuna ndimu na majivu. Kwa sinia na dele la kahawa, sugua upendavyo. Kwa sanamu ya shaba ya miaka mingi, ule ukijani mgumu au wekundu uliokolea ni ngozi yake, na ukiuondoa umeondoa kinga pamoja na sehemu ya thamani. Cha kuogopwa ni kijani cha mpauko kinachopukutika kama unga. Hapo chumvi imeshaingia ndani ya shaba, na ikipata unyevu huendelea kuila. Kuipamba barazani ipate upepo ni kuimaliza. Inahitaji sanduku la kioo lililofungwa vizuri, lenye chembe za silika za kunyonya unyevu, ili unyevu ukae chini ya asilimia 40 hivi.

"Mpingo haupasuki." Hupasuka, tena vibaya, ukiwekwa mbele ya kiyoyozi. Uzito wake wa kuzama majini hauusaidii kitu mbele ya hewa kavu. Na si kila cheusi kinachouzwa madukani Mji Mkongwe ni mpingo. Kingine ni mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu.

La mwisho linahusu sanamu ya jiwe. Watu huamini jiwe zito likae katikati ya sebule, lionekane pande zote. Vyumba vya ghorofani katika nyumba za zamani za Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hufika mita 3 hivi tu, na katikati ndipo zinapopinda zaidi. Weka stendi karibu na ukuta ule unaobeba vichwa vya boriti, kitako chake kiwe kipana kigawe uzito kwenye boriti kadhaa, na uache nafasi nyuma, kwani kuta za mawe na chokaa hutoa unyevu wenye chumvi.