Mkono wa ukingoni sio fifti fifti

Poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana hela, ya kwenye simu imewakolea vijana wetu hapa Mwanza, toka Nyegezi mpaka Igoma, na kila mtu akikwama kuamua afuate dau au atupe karata utasikia "oya hii fifti fifti". Jamani hapana, mkono wa ukingoni na fifti fifti ni vitu viwili tofauti na kuvichanganya kunawala watu hela.

Mkono ni karata ulizoshika, na wa ukingoni ni ule ambao ufuate au utupe, kwa wastani matokeo yanakaribiana sana. Basi. Haijasemwa popote kwamba lazima ushinde mara moja kati ya mbili.

Chukua Texas Hold'em, aina ya poka ambayo kila mtu ana karata mbili zake na mezani zinalala tano za wote. Umeshika kopa mbili, mezani zimeshalala karata nne na kati yake kopa mbili, imebaki moja tu. Karata usizoziona ni 46, kopa humo ni 9, kwahiyo nafasi ya kukamilisha kopa tano ni kama 19.6 kwa 100. Poti, yaani hela zote zinazogombewa, ina 3,000 alafu mwenzako kaweka 1,000. Ukifuata unalipa 1,000 kugombea 5,000 na yako ikiwemo, yaani ili usile hasara unahitaji 20 kwa 100. Una 19.6. Huo sasa ndo ukingo wenyewe, kila ukifuata unapoteza kama shilingi 22 kwa wastani, na bado mara nne kati ya tano unakosa kopa yako, fifti fifti iko wapi hapo?

Na kinachonikera zaidi ni mtu kusema karata fulani "ni za ukingoni" kama vile zimezaliwa hivyo. Kopa zile zile, mwenzako angeweka 3,000 ungehitaji 33 kwa 100, tupa bila kuwaza. Angeweka 300 unahitaji kama 8 tu, fuata. Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba haangalii dagaa peke yake, anauliza kwanza gunia shingapi, maana dagaa wale wale kwa bei hii ni faida na kwa bei ile ni hasara.

Ukishajua uko ukingoni ndo vile vidogo vidogo vinaanza kuamua. Meza za mtandaoni hukata asilimia yao kwenye poti, ikikata 5 kwa 100 ile 5,000 inabaki 4,750 na hasara yako inafika kama 70. Lakini kama mwenzako ni king'ang'anizi, kopa ikidondoka bado atakulipa 500 nyingine, unarudi kwenye faida kidogo. Ila kama kopa zako ni ndogo naye anaweza kuwa ameshika kubwa zaidi, zile 9 usizihesabu zote kama zako. Hapa ndo pa kufikiria, na sio kurusha shilingi.

Mfano wa fifti fifti ni jozi ya tisa ikikutana na esi na kingi kabla karata za mezani hazijafunguliwa, jozi inashinda kama 55 kwa 100. Na hapo hela nyingi zikiwa zimeshaingia kwenye poti wala sio mkono wa ukingoni, ni wa kufuata tu. Hiyo iiteni fifti fifti, sina ugomvi. Ile ya kopa, kabla hamjaipa jina niambieni kwanza jamaa kaweka shingapi.