“Huna mkataba, huna chako”: maneno ya vijiweni Tanga na yale yaliyomo kwenye sheria

Jirani yangu wa Ngamiani alinigongea mlango jioni moja, simu mkononi, kioo kimepasuka. Miaka minne amepanga magunia na kuandika risiti kwenye duka la jumla, kisha tajiri akamwambia, “Kesho usije.” Hakupewa notisi wala kiinua mgongo. “Nitamdai kwa lipi, shoga? Sikuandikishwa popote.”

Hii ndiyo dhana inayoumiza watu kuliko zote hapa mjini: kwamba asiye na karatasi hana haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mkataba uwe wa maandishi, awe mfanyakazi anafanya kazi hapa nchini au nje. Lakini karatasi ikikosekana, haki ya mfanyakazi haifi. Kuandika mshahara na saa za kazi ni wajibu wa mwajiri, na shauri likifika mbele akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unamwangukia yeye. Tukafungua simu ya jirani: kila mwisho wa mwezi hela imeingia, namba ileile. Ushahidi anatembea nao mfukoni, na hajui!

“Mimi kibarua tu,” utasikia kwenye mashamba ya mkonge na kwenye ujenzi. Sheria ya Taasisi za Kazi haiangalii jina unaloitwa. Ukiwa umemfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi, kwa miezi mitatu ya mwisho, unachukuliwa kuwa mwajiriwa wake mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Saa 45 ni siku tano tu za saa tisa tisa.

Matajiri nao wana lao: “Nimemlipa notisi, tumemalizana.” Hapana. Aliyefikisha miezi sita kazini haachishwi bila sababu halali na utaratibu wa haki, ikiwemo kusikilizwa. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, ingawa aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu hakipati.

Na sisi wafanyakazi tusijidanganye kwamba kuondoka ni kubeba mkoba tu. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28, na akikataa kufanya kazi siku hizo anaweza kukatwa kwenye malipo yake ya mwisho.

Kilichonitia hofu zaidi ni alivyosema jirani yangu, “Nasubiri hasira zimshuke tajiri.” Anayelalamikia kuachishwa isivyo haki ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha serikali kinachoshughulikia migogoro ya kazi; akipitiliza, aanze kwanza kuomba kuruhusiwa kwa kuchelewa. Tulihesabu kwa vidole: siku ya 19. Kulipokucha tukapita stationeri, tukachapisha zile jumbe zote za malipo, tukaenda Tume.