Muuguzi Mwenye Leseni, Soma Cheo Kabla ya Kutia Saini Mkataba wa Ujerumani

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, malalamiko yameongezeka, na mengi yanatoka kwa wanawake waliosoma: wauguzi waliosajiliwa, walimu, wahasibu. Wamefika salama na vibali vyao ni halali, ila muuguzi anaogesha na kulisha wazee kwa mkataba wa msaidizi, na mwalimu analea watoto wa watu kama au pair, yaani kijana anayeishi na familia ya wenyeji na kuwalelea watoto kwa posho. Kumtunza mzee ni kazi ya heshima. Tatizo ni mtu kulipwa na kuhesabiwa kana kwamba hakusoma.

Tuanze na uvumi. Makubaliano yale hayakutenga nafasi 250,000. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha idadi hiyo wakati ule ule, lakini bado tunaulizwa orodha ya majina itafunguliwa lini. Hakuna orodha, na anayekuuzia nafasi ndani yake anakuibia.

Kazi utakayofanya inaamuliwa na karatasi mbili: uamuzi wa kutambuliwa kwa cheti chako, yaani Anerkennung, na mkataba uliotumika kuombea viza. Uuguzi kule ni taaluma inayolindwa na sheria. Leseni ya hapa haikupi haki ya kujiita Pflegefachfrau, yaani muuguzi kamili. Ukitumia cheo hicho bila idhini unaweza kutozwa faini ya hadi euro 3,000, hata kama umefanya kazi wodini miaka kumi. Tarehe 1 Julai 2025, kima cha chini kwa msaidizi asiye na mafunzo kiliwekwa euro 16.10 kwa saa, na kwa muuguzi kamili euro 20.50. Kwa wiki ya saa 40, pengo hilo linapita euro 700 kwa mwezi kabla ya makato.

Maombi ya kutambuliwa hutumwa ukiwa bado nyumbani, kwa mamlaka ya jimbo utakakofanyia kazi. Majimbo ni 16. ZSBA, kituo cha Ujerumani cha ushauri wa kutambuliwa kwa vyeti kilichoko Bonn, hukushauri bila malipo ni mamlaka gani na nyaraka zipi. Mwajiri akikubali njia ya haraka, ada yake ni euro 411 na uamuzi hutolewa ndani ya miezi miwili baada ya nyaraka kukamilika. Neno la kushika hapo ni kukamilika.

Faili nyingi hukwama kwenye saa. Mafunzo ya uuguzi ya Ujerumani yana angalau saa 2,100 za nadharia na 2,500 za vitendo, na afisa wa kule anafungua matokeo yako kutafuta saa, somo kwa somo, wodi kwa wodi. Akikuta alama tupu, au "watoto: wiki 8", hawezi kukisia zamu yako ilikuwa ya saa sita au nane, na usichothibitisha huhesabiwa pengo. Mwombe msajili wa chuo barua rasmi yenye muhuri, ikitaja saa za kila somo na za kila mzunguko wa vitendo: upasuaji, watoto, uzazi, afya ya akili, afya ya jamii. Ifanyie tafsiri kwa mtafsiri aliyeapishwa. Na kama cheti kina jina la baba na pasipoti ina jina la mume, ambatanisha cheti cha ndoa kilichotafsiriwa.

Wengi hupata jibu linaloorodhesha mapungufu. Barua hiyo si kukataliwa! Wapo walioitupa na kukubali usaidizi wa kudumu. Inakupa njia mbili: mafunzo ya kuziba mapengo, au mtihani wa maarifa wenye sehemu ya mdomo na ya vitendo, ambayo kila moja hurudiwa mara moja tu. Viza ya hatua hii hutolewa hadi miezi 24 na huweza kuongezwa 12. Kijerumani cha A2, yaani kiwango cha msingi, kinaweza kutosha kuipata. Idhini kamili kwa kawaida hudai B2, kiwango cha juu zaidi, kwa hiyo usiache darasa ukishatua.

Kuna wanaoshauriwa kuanza upya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi yenye malipo, kwa sababu inalipa zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi. Kwa aliyemaliza kidato cha nne ni njia nzuri. Kwa muuguzi aliyesajiliwa ni miaka mitatu ya kusomea anachokijua. Au pair ndiyo mbali zaidi na taaluma: chini ya umri wa miaka 27, posho ya euro 280, saa zisizozidi 30 kwa wiki, mwaka mmoja basi.

Walio nje ya taaluma zinazolindwa, kama wahasibu, waombe tathmini ya shahada kutoka ZAB, ofisi ya Ujerumani inayopima vyeti vya nje, ada euro 208.

Usiongeze saa wala miaka ya kazi kwenye nyaraka. Taarifa za uongo katika maombi ya viza ni kosa la jinai Ujerumani: kifungo cha hadi miaka mitatu au faini.

Kabla ya kumlipa wakala, tafuta jina lake kwenye orodha ya mawakala wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kisha dai mkataba wa Kijerumani, si muhtasari wa WhatsApp, na usome cheo. Kikiwa "Pflegefachkraft in Anerkennung", njia ya kuwa muuguzi imeandikwa. Kikiwa "Pflegehelferin", yaani msaidizi wa uuguzi, bila kifungu cha kutambuliwa wala tarehe ya mafunzo au mtihani, rudisha mkataba urekebishwe kabla ya miadi ya ubalozi.