Je, wajua kwa nini samaki mkavu naye hukunjika?

Wazee wetu husema samaki mkunje angali mbichi. Mlee mtoto angali mdogo, akishakomaa, umechelewa. Sigmund Freud, daktari wa Vienna, angekubaliana nao bila ubishi, kwani kwake mambo mazito ya nafsi ya mtu huamuliwa katika miaka mitano sita ya mwanzo. Aliyekuja kuwakatalia ni mwanasaikolojia Erik Erikson, mwanafunzi wa Anna, bintiye Freud. Alisema binadamu hukunjika mpaka kaburini, ila kila umri una mkunjo wake.

Katika kitabu chake cha kwanza, mwaka 1950, aliyagawa maisha katika hatua 8, na kila hatua ina mvutano. Mtoto mchanga anapolia usiku, kinachopimwa si njaa peke yake: je, watu wa dunia hii huja wakiitwa? Akiona wanakuja, anajifunza kuamini. Wa miaka miwili anataka kuvaa kandambili mwenyewe, hata kama ya kulia imeingia mguu wa kushoto, na ukimcheka kila mara anajifunza aibu. Wa miaka minne anabuni michezo na kuuliza maswali yanayochosha ukoo mzima. Akiingia shule ya msingi, anaanza kujipima na wenzake: naweza, au mimi ni wa mwisho siku zote?

Halafu inakuja balehe, na hapo ndipo Erikson alipoweka moyo wake wote. Hili swali la "mimi ni nani" hakulitoa vitabuni. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1902, mama yake akiwa Myahudi wa Denmark, naye maisha yake yote hakumjua baba yake mzazi. Alilelewa na baba wa kambo, daktari wa watoto, akaachwa aamini kwamba huyo ndiye aliyemzaa. Shuleni alitaniwa kwa kuwa Myahudi. Kwenye sinagogi akatengwa kwa urefu wake na nywele zake za rangi ya dhahabu. Ujanani alizurura Ulaya akichora picha. Mwaka 1933 alihamia Marekani, na alipopata uraia mwaka 1939 akajipa jina jipya: Erikson, yaani mwana wa Erik. Mtu aliyejizaa mwenyewe! Hakuwa na shahada hata moja ya chuo kikuu, lakini alikuja kuwa profesa Harvard.

Kwa hiyo aliposema kijana anahitaji muda wa kujaribujaribu kabla jamii haijamdai jibu, alikuwa anasimulia safari yake. Leo kijana anataka kuwa mwanamuziki, mwezi ujao rubani, kisha anakuja nyumbani na nywele ambazo bibi yake hataki kuziona. Mara nyingi si utovu wa adabu. Anajaribisha nguo dukani.

Wamaasai wana njia nyingine. Kwao mtu havuki peke yake, huvuka na rika lake. Sherehe ya Enkipaata huwaandaa wavulana kwa jando. Kwenye Eunoto moran hunyolewa zile nywele ndefu. Olng'esherr huufunga umorani na kuwaingiza katika uzee wa heshima. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka sherehe hizo tatu, kwa upande wa Kenya, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Anayezipitia haulizi kama ameshakuwa mtu mzima, kwa sababu kila mtu ameona. Wangapi wetu tuliohitimu, tukakaa nyumbani miaka mitatu tukisubiri ajira, tungeweza kusema tulivuka siku gani?

Lakini jibu la kupewa nalo lina walakini. Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia aliwatofautisha vijana waliotafuta wakapata na wale waliopokea jibu la wazazi bila kulihoji. Yule aliyesomea udaktari kwa sababu baba ni daktari huonekana ametulia, na pengine ametulia kweli. Pengine swali linamsubiri kwenye miaka 40.

Hatua zinazofuata nazipitia haraka. Ujana mkubwa ni kupata mwenza au kubaki mpweke. Makamo ni kulea kizazi kinachokuja, wawe wanao au wanafunzi wako, badala ya kudumaa. Uzee ni kuyatazama maisha yako na kuyakubali, au kuyajutia.

Erikson alifariki mwaka 1994. Mkewe Joan, aliyekuwa mshirika wake katika kazi hii tangu mwanzo, alikuwa amepita miaka 90, akaona hesabu haijakamilika. Akaandika kuhusu hatua ya 9, iliyochapishwa mwaka 1997. Kwa kikongwe, alisema, mivutano yote ya nyuma hurudi. Mwili uliokutii miaka 80 unaanza kukusaliti: goti linakataa ngazi, mkono unamwaga chai. Na swali linalorudi ni lile la mtoto mchanga usiku: nikiita, kuna atakayekuja?