Cheti cha malipo katika mkataba wa ujenzi

Cheti cha malipo ni hati inayotolewa na mhandisi mshauri, au msanifu kama kazi ni ya majengo, kuthibitisha kuwa kazi ya thamani fulani imefanyika na mwajiri (mwenye mradi) anapaswa kumlipa mkandarasi kiasi hicho. Vyeti hutolewa kwa awamu, mara nyingi kila mwezi, na cha mwisho hufunga hesabu.

Wengi hudhani zege likishamwagwa deni limeshazaliwa. Kwa mikataba mingi mikubwa si hivyo. Mpaka mhandisi apime na kusaini, mkandarasi ana madai tu. Cheti ndicho kinachoyageuza kuwa deni lenye tarehe ya kulipwa. Ndiyo maana mpelekee wakili faili la mgogoro wa malipo, atataka kwanza kujua kama cheti kipo.

Tuseme kipo. Katika Kitabu Chekundu cha mwaka 1999 cha FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), mkataba wa mfano unaofahamika sana kwenye miradi ya barabara na madaraja, mkandarasi huwasilisha hesabu zake, mhandisi ana siku 28 za kutoa cheti, na mwajiri ana siku 56 za kulipa. Siku hizo 56 huhesabiwa tangu mhandisi alipopokea hesabu, wala si tangu cheti kilipotoka. Zikipita, riba huanza kukimbia yenyewe: asilimia 3 juu ya kiwango cha punguzo cha benki kuu (riba ambayo benki kuu huzikopeshea benki nyingine), na kila mwezi huongezwa kwenye deni. Kwa Tanzania, riba za namna hii zimekuwa zikitajwa kwenye ripoti za CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), na ni haki zitajwe, kwani mlipa kodi anazilipa bila kuongezewa hata mita moja ya lami.

Mkandarasi anaweza pia kusimamisha kazi, lakini baada ya kumpa mwajiri notisi ya siku 21. Hapa ndipo wenye haki hujiharibia. Anakasirika, anaondoa mitambo saiti bila notisi, na kesho yake yeye ndiye mvunja mkataba.

Je, mwajiri anaweza kukata fedha kwenye cheti kilichosainiwa, kwa madai kwamba kazi ni mbovu au imechelewa? Uingereza, ambako sheria zetu za mikataba zimechota mengi, ilibadili msimamo. Mwaka 1971, katika kesi ya Dawnays dhidi ya Minter, Lord Denning, jaji wa Mahakama ya Rufani, alisema cheti kilipwe kwanza, malalamiko yafuate. Mwaka 1973, katika kesi ya Gilbert-Ash, House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya huko, ikakataa: haki ya kukata ipo, isipokuwa mkataba uwe umeiondoa kwa maneno bayana. Bunge lao likaingilia kati kwa sheria ya 1996. Mdai anaweza kupeleka mgogoro kwa mwamuzi anayetoa uamuzi ndani ya siku 28, na aliyeshindwa hulipa kwanza, kisha akipenda aendelee kubishana mahakamani. Kwetu jibu hutegemea zaidi mkataba wenyewe umeandikwaje, kwa hiyo vifungu vya makato visomwe kabla ya kusaini.

Cheti kisipokuwapo, au kikiwa pungufu, lawama humwendea mhandisi. Analipwa na mwajiri lakini anatakiwa kupima kwa haki pande zote mbili. Si kazi ya mzaha: kesi ya Sutcliffe dhidi ya Thackrah ya 1974 iliamua kuwa msanifu anayethibitisha kwa uzembe fedha zisizostahili anaweza kushtakiwa na mwajiri wake mwenyewe. Upungufu unaweza kusahihishwa kwenye cheti kinachofuata, ila kwa mkataba ule wa FIDIC dai la fedha za ziada lina notisi yake ya siku 28 tangu mkandarasi alipojua tukio, na akikaa kimya dai hufa. Ubishi ukibaki huenda kwenye bodi ya migogoro, yenye siku 84 za kuamua, kisha kwenye usuluhishi (arbitration), ambako msuluhishi hutoa uamuzi unaofunga pande zote. Anayekimbilia mahakamani moja kwa moja huku mkataba una kifungu cha usuluhishi, kesi yake huweza kusimamishwa hapohapo.

Mwenye hali ngumu kuliko wote ni mkandarasi mdogo, yaani aliyepewa sehemu ya kazi na mkandarasi mkuu. Cheti hakimtaji, mkataba wake ni na mkandarasi mkuu, hivyo kwa kawaida hawezi kumshtaki mwenye mradi. Mara nyingi amesaini pia kifungu cha “nikilipwa nitakulipa”, ambacho ile sheria ya Uingereza ya 1996 ilikiondolea nguvu, isipokuwa pale mlipaji wa juu anapofilisika. Asipoweza kukikataa, aombe angalau tarehe ya mwisho: alipwe siku kadhaa baada ya kuwasilisha ankara yake, mkandarasi mkuu awe amelipwa au la.