Nondo wa Matunda ni Mdudu Gani?

Katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru, nondo ni chuma cha kuimarishia zege; katika elimu ya wadudu, ni jamaa wa kipepeo ambaye kwa kawaida huruka usiku. Nondo wa matunda tunayemzungumzia hapa ni Thaumatotibia leucotreta, mdudu mdogo wa kijivu na kahawia, mwenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara, ambaye hushambulia machungwa, mapera, pilipili hoho na hata maua ya waridi.

Nondo mzima hali tunda. Anayeliharibu ni mtoto wake. Jike hutaga yai mojamoja juu ya ganda, na kiwavi akianguliwa hutoboa na kuingia ndani, ambako hula hadi akomae, akawa wa rangi ya waridi iliyopauka na urefu wa takriban milimita 15, kisha hutoka, hushuka udongoni na kujifumia kifuko cha hariri. Kwa kuwa hana kipindi cha kulala akingojea msimu, vizazi vyake hufuatana mwaka mzima mradi pana tunda la kutagia.

Pasua pera lililoanguka chini ya mti huko Kisumu, ulitazame vizuri. Ukikuta mabuu mengi meupe, yasiyo na miguu wala kichwa kinachoonekana, hao ni watoto wa nzi wa matunda. Ukikuta kiwavi mmoja mwenye kichwa cha kahawia na vijiguu chini ya kifua, na tundu aliloingilia limezibwa kwa kinyesi kama unga wa mbao, huenda ukawa umempata nondo. Tofauti hii ni muhimu sana, kwa sababu chambo cha kunasia nzi hakimvuti nondo.

Madhara yake hayapimwi kwa kiasi anachokula tu. Umoja wa Ulaya humhesabu kuwa mdudu wa karantini, yaani asiyeruhusiwa kuingia huko, kwa hiyo kiwavi mmoja akionekana katika waridi za Naivasha, mzigo wote unaweza kukataliwa.

Kwa mkulima mdogo, naona kinga ya kwanza ni kuokota matunda yaliyoanguka na kuyafukia kwa kina, au kuyafunga ndani ya mfuko mweusi wa plastiki juani, pamoja na yale ya mpera wa uani usiochumwa na mtu, kwa maana ndio unaomlea nondo wakati machungwa yamekwisha.