Mtoto mwenye kipaji si lazima awe wa kwanza darasani

Wazazi wengi, na walimu pia, huamini kwamba mtoto mwenye akili nyingi atajiendesha mwenyewe shuleni: atashika namba za juu, atapatana na wenzake, hahitaji msaada. Asipotulia, au akikaa peke yake, huonekana mtundu au mwenye maringo.

Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa ripoti ya shule huonyesha zaidi alama na nafasi. Lakini ukuaji hauendi kwa mwendo mmoja. Mtoto wa miaka 8 anaweza kuhoji mambo kama wa miaka 12, kisha akalia kwa kushindwa mchezo kama wa miaka 6. Somo analolijua tayari humchosha, akaanza kusumbua wenzake. Wengine huficha uwezo wao ili wasitengwe. Wapo pia wenye kipaji na papo hapo wana ugumu wa kusoma, kimoja kikifunika kingine. Hao ndio wanaoniuma zaidi, maana huweza kuitwa wavivu miaka mingi.

Unaweza kuchunguza mwenyewe. Muulize swali lilelile kwa mdomo, kisha kwa maandishi. Majibu yakitofautiana sana, fuatilia. Apimwe macho na masikio. Muulize mwalimu wa darasa vurugu hutokea saa ngapi: ikiwa ni baada ya kumaliza kazi mapema, apewe kazi ngumu zaidi, si rundo la maswali ya aina ileile. Na mtafutie rafiki anayependa anachokipenda yeye, hata kama ni wa darasa la juu.